Namna ya Kuchangia LUKU Katika Nyumba ya Kupanga Bila Kununiana

Katika nyumba nyingi za kupanga mijini Tanzania, vyumba sita au zaidi hutumia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, na mita hiyo inapoanza kulia kwamba uniti zinakaribia kwisha, kila chumba hupata shughuli. Huyu huongeza sauti ya redio, yule huzima taa mapema kuliko kawaida yake, na mwingine hukumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumjulia hali mtaa wa pili. Mlio huendelea hadi umeme ukatike, na mwishowe anayetoka mlangoni na simu mkononi ni yule mwenye samaki kwenye friji, kwa kuwa ndiye ambaye giza linamtia hasara. Jambo lenyewe ni dogo mno kupelekwa kwa mjumbe wa shina, lakini hujirudia mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja, na majirani ambao wangeazimana chumvi bila kufikiri huishia kusalimiana kwa mkato.

Mwongozo huu unahusu namna ya kupanga mchango wa umeme katika nyumba ya aina hiyo. Mgawo wa kulingana kwa kila chumba, ambao hutumika sana kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, ndio unaozaa ugomvi mwingi kuliko njia nyingine yoyote. Nyumba ikichangia kwa kufuata vifaa, na ikanunua kabla mita haijaanza kulia, sehemu kubwa ya manung'uniko huisha bila mtu kuhubiriwa.

Jueni kwanza kinachokula umeme

Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Wati za kifaa huandikwa kwenye kibandiko kilichopo nyuma au chini yake; zidisheni wati hizo kwa saa ambazo kifaa kinawashwa, kisha mgawanye kwa 1,000, mtapata uniti. Hesabu hii ya darasa la sita inatosha kumaliza mabishano ambayo yamedumu tangu mpangaji wa kwanza alipohamia.

Kuhusu bei, viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2016 vilimweka mteja wa kawaida katika kundi la T1, ambalo uniti yake ni shilingi 292 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Makato hayo yakijumlishwa, uniti hufika takriban shilingi 356, na ndiyo maana watu wamezoea kwamba shilingi 10,000 huleta uniti 28 na ushei. Liko pia kundi la D1, la wateja wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100 kabla ya makato. Mita iliyobeba vyumba sita ni nadra kubaki ndani ya uniti 75, hivyo mpangaji mwenye taa moja na simu moja, ambaye akiwa na mita yake angelipa bei ya chini, analipa bei ya kundi la juu kwa sababu ya matumizi ya wenzake. Ni vyema mkalikumbuka hilo kabla ya kumwambia kwamba analalamikia hela ndogo. Hesabu zinazofuata zinatumia shilingi 356. Risiti yenu ikionyesha kiwango kingine, fuateni risiti.

Mkishapiga hesabu hizo mtagundua kwamba wapangaji hugombania vitu visivyostahili kugombaniwa. Chaja ya simu hula takriban wati 10, na ikichomekwa saa tatu kila siku kwa mwezi mzima haifikishi hata uniti moja. Hata hivyo wako watu wanaomtazama kwa jicho baya mgeni aliyeomba kuchaji simu sebuleni. Taa ya nje ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti tatu na robo kwa mwezi, yaani shilingi 1,150 hivi, ambazo zikigawanywa kwa vyumba sita hazifiki shilingi 200 kwa kila kimoja. Kwa fedha hiyo kuna nyumba ambazo globu ya korido hufunguliwa usiku na kufichwa chumbani, na watu wakaenda chooni wakipapasa ukuta.

Kinachokula umeme kwa kweli mara nyingi hakionekani. Chukueni hita ya kuchovya, ile inayotumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Kupasha moto ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 45 kunahitaji karibu nusu uniti, ambayo ni kama shilingi 165. Familia ya watu wanne, kila mmoja na ndoo yake kila asubuhi, hufikisha uniti 56 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 20,000, na hayo yote hufanyika kabla jua halijachomoza, mlango ukiwa umefungwa. Birika la umeme, ambalo hushukiwa zaidi kwa sababu linapiga kelele na kutoa mvuke, huchemsha lita moja ya maji ya chai kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, gharama yake ikiwa chini ya shilingi 40. Pasi ya wati 1,000 hujikata yenyewe inapofikia joto lake, kwa hiyo saa moja ya kupiga pasi haifikii uniti nzima. Anayenyoosha sare za watoto Jumapili jioni hawamalizii watu umeme kama inavyosemwa.

Feni huwashangaza wengi. Wati 60 zinaonekana si kitu, lakini feni hulala na mtu: saa kumi kila usiku ni uniti 18 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 6,000. Kwa joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hakuna wa kumwambia mwenzake aizime, na hakuna haja ya kumwambia. Kinachotakiwa ni ihesabiwe. Televisheni ya inchi 32 pamoja na king'amuzi chake, ikiwashwa saa tano kwa siku, hutumia takriban uniti tisa kwa mwezi. Friji ni gumu kukadiria kwa sababu mota yake huwaka na kuzima kadiri joto linavyopanda ndani. Friji dogo lenye afya hukaa karibu na uniti moja kwa siku, ilhali la zamani ambalo mpira wa mlango umelegea laweza kula maradufu huku mwenyewe akiapa kwamba halitumii kitu. Mpira huo hupimwa kwa kubana noti mlangoni na kuivuta: ikitoka bila kushikwa, baridi inatoka pia, na fedha nayo.

Gawanyeni kwa vifaa

Kaeni kikao kimoja, ikiwezekana jioni ya siku ambayo wengi wapo, na kila mmoja ataje vifaa vyake mwenyewe. Msiingie vyumbani kwa watu kukagua. Mtu anaweza kuficha hita, lakini friji halifichiki, televisheni husikika, na ukaguzi wa chumba cha mtu mwingine huacha kinyongo kinachodumu kuliko faida yake.

Kisha pangeni sehemu. Sehemu moja iwe takriban uniti kumi kwa mwezi, bila kutafuta usahihi wa mahakamani. Kila chumba kianze na sehemu moja, inayobeba taa, simu, redio, pasi ya mara moja moja na mchango wa taa za nje. Televisheni iongeze sehemu moja, feni sehemu moja, na friji sehemu tatu. Feni kwa hesabu ilistahili karibu mbili wakati wa joto, lakini haitumiki mwaka mzima, na kwa maoni yangu mgawo unaobadilika kila msimu huchosha watu mpaka wakauacha.

Tuchukue nyumba ya vyumba sita. Chumba cha kwanza kina televisheni na feni, hivyo kina sehemu tatu. Cha pili kina feni tu, sehemu mbili. Cha tatu kina televisheni, feni na friji, sehemu sita. Cha nne anakaa kijana wa chuo mwenye taa na simu, sehemu moja. Cha tano kinafanana na cha kwanza, na cha sita kinafanana na cha tatu. Jumla ni sehemu 21. Ikiwa nyumba hiyo hununua umeme wa shilingi 63,000 kwa mwezi, sehemu moja ni shilingi 3,000: kijana wa chuo atatoa 3,000, mwenye feni 6,000, vyumba vya kwanza na cha tano 9,000 kila kimoja, na wenye friji 18,000 kila mmoja. Kwa mgawo wa kulingana kila chumba kingetoa 10,500, na kijana yule angekuwa anampozea jirani yake maji kwa shilingi 7,500 kila mwezi.

Tarajieni kwamba wenye friji hawatafurahi. Wengine watasema wanashinda kazini kutwa, hoja ambayo ina uzito kwa feni na televisheni lakini haina maana kwa friji, kwa kuwa lenyewe haliendi kazini. Waonyesheni hesabu kwenye karatasi badala ya kuizungumza, maana tarakimu zilizoandikwa hazimtuhumu mtu. Hita ya kuchovya na jiko la koili visiingizwe katika sehemu hata kidogo. Anayevitumia atoe kiasi cha ziada kinachokubaliwa, kwa ndoo ikiwa ni hita, au anunue gesi.

Anayeuza barafu, juisi au maji baridi kwa friji la nyumbani ni habari nyingine. Huyo anafanya biashara, mlango wa friji lake hufunguliwa kutwa nzima, na hakuna idadi ya sehemu itakayoelezea matumizi yake kwa haki. Kwake, na kwa mwenye saluni ya chumbani, dawa ni sabmita, yaani mita ndogo inayofungwa baada ya mita kubwa ili kuhesabu umeme wa chumba kimoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na namba iliyokuwapo siku ya kwanza ipigwe picha mbele ya mashahidi wawili. Sabmita za kila chumba ndizo zinazomaliza ubishi kabisa, ila hapo pia itabaki tofauti ndogo kati ya jumla ya sabmita na mita kubwa, ambayo ni taa za nje na upotevu wa kwenye nyaya, na tofauti hiyo mnaigawa sawa kwa sawa.

Nunueni kabla haijalia

Mita ikianza kulia mmeshachelewa, kwa sababu kutoka hapo kila mtu anasubiri kuona nani ataogopa giza mwanzo. Wekeni kiwango cha kununulia. Nyumba ya mfano wetu hutumia takriban uniti sita kwa siku, kwa hiyo ikinunua zinapobaki uniti 20 ina siku tatu za kukusanya michango bila kukimbizana. Kila aina ya mita ina namba yake fupi ya kuonyesha salio. Iandikeni ukutani kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na namba ya mita yenyewe, ili pasiwe na mtu wa kusema hajui kuangalia. Rimoti ya LUKU, kwa nyumba ambazo mita iko nguzoni, ikae koridoni na isiwekwe chumbani kwa mtu anayesafiri.

Chagueni mtunza mchango mmoja kwa miezi miwili au mitatu, kisha abadilishwe. Kazi yake ni kutuma ujumbe kwenye kundi la nyumba na kununua kwa simu. Ujumbe wenye manufaa hauna lawama ndani yake:

"Habari za jioni majirani. LUKU imebaki uniti 21. Sehemu moja ni shilingi 3,000 kama kawaida. Bado chumba cha pili na cha tano. Nitanunua kesho saa 12 jioni kwa fedha itakayokuwapo."

Na baada ya kununua: "Nimenunua ya 48,000, tumepata uniti 134.7. Kabla ya kuingiza zilikuwa 15, sasa ni 149.7. Tokeni na picha ya mita hizi hapa."

Tarakimu za kabla na baada ndizo zinazomlinda mtunza mchango, kwa kuwa katika kila nyumba hakosi mtu anayeamini kwamba umeme ulionunuliwa ni pungufu. Chumba kitajwe kwa namba, na kabla hata ya kutaja namba, mwenye chumba apigiwe hodi na kuulizwa kwa upole, maana kumsema Mama Fulani mbele ya majirani kwa deni la shilingi 6,000 ni kujitafutia msimu mzima wa mafumbo ya khanga.

Wakati wa kulipa, angalieni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Mara nyingi ni jina ambalo hakuna mpangaji anayelifahamu, pengine la babu wa mwenye nyumba aliyefariki zamani, lakini hilo si tatizo. Tatizo ni siku litakapotokea jina tofauti na lile mlilozoea, kwa sababu tokeni ya tarakimu 20 hufanya kazi kwenye mita moja tu, na umeme ulionunuliwa kwa namba iliyokosewa unakwenda kwa watu msiowajua. Ujumbe wa tokeni usifutwe mpaka uniti zionekane kwenye mita.

Nyumba ambayo ilikaa muda mrefu bila wapangaji inaweza kuwapa mshangao mwingine: mkinunua, mnaletewa makundi matatu ya tarakimu badala ya moja. Mita za aina hii duniani kote zilikuwa zikihesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana shirika la umeme, TANESCO, liliwataka wateja waboreshe mita zao kabla ya hapo. Makundi mawili ya kwanza ni ya maboresho na la tatu ndilo lenye umeme. Yaingizeni kwa mpangilio yalivyotumwa.

Tarehe mosi na kodi ya jengo

Iko tabia moja inayofanana katika nyumba nyingi: kuanzia tarehe 28 watu hununua umeme wa shilingi 2,000 au 1,000, wakivuka mwezi kwa kujikongoja, kila mmoja akiomba mwenzake awe wa kwanza kununua mwezi mpya. Zamani sababu ilikuwa tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi kwa wateja wa T1, iliyomwangukia anayenunua wa kwanza, ambayo iliondolewa Aprili 2016. Mazoea yalikuwa yameanza kufifia ndipo kodi ya jengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka wa fedha wa 2023/24 shilingi 1,500, huku nyumba ya ghorofa ikikatwa 7,500 kwa kila sakafu. Kuchelewa kununua hakusaidii, kwani miezi isiyokatwa hukusanyika na kuchukuliwa kwa pamoja.

Kwa kuwa mchango wenu sasa unapitia kwa mtu mmoja, hakuna tena anayeumia peke yake kwa kununua tarehe mosi. Lakini fedha hiyo si yenu. Kodi ya jengo ni wajibu wa mmiliki, na mpangaji aliyekatwa ana haki ya kuizungumza na mwenye nyumba ili ipunguzwe kwenye pango. Tunzeni risiti za mwaka mzima, kisha mtu mzima kuliko wote kati yenu, au yule anayesikilizana naye vizuri, apeleke ombi moja kwa niaba ya nyumba nzima, badala ya kila mpangaji kulalamika kwa wakati wake: "Shikamoo baba. Kwenye LUKU tunakatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo kila mwezi, kwa mwaka ni 18,000. Risiti zote tunazo. Tunaomba uzipunguze kwenye kodi ya pango inayokuja, nasi tutazigawana wenyewe." Wenye nyumba wengi hukubali wanapoona kiasi chenyewe, wanachokikataa ni mazungumzo yanayoanza kwa madai.

Ikiwa nyumba ina mita mbili na zote zinakatwa kodi hiyo, mwenye nyumba ndiye wa kwenda kulirekebisha, na mkumbusheni.

Wageni, safari na uniti zinazokimbia

Mgeni wa siku tatu asihesabiwe. Mgeni aliyeleta feni yake ahesabiwe. Mpangaji anayesafiri mwezi mzima na kuchomoa kila kitu abaki na nusu ya sehemu moja kwa ajili ya taa za nje, ila akiacha friji linaunguruma nyuma ya kufuli, alipe sehemu tatu za friji kama vile yupo.

Ikitokea uniti zinakwenda haraka kuliko hesabu, msianze kwa kumshuku mtu. Fanyeni jaribio hili: kila chumba kizime na kuchomoa vifaa vyote kwa wakati mmoja, kisha watu wawili waangalie mita. Kijitaa chekundu cha mita hupepesa kadiri umeme unavyopita. Kikiendelea kupepesa wakati hakuna kilichowashwa, basi kuna waya unaovujisha au mtu aliyejiunganishia. Zimeni swichi kuu ya ndani. Kupepesa kukikoma, tatizo limo kwenye nyaya za nyumba, na wa kuitwa ni fundi mwenye leseni. Kupepesa kukiendelea, toeni taarifa TANESCO, wala mtu asipande kuchungulia mwenyewe. Iwapo jaribio halionyeshi kitu, rudini kwenye orodha ya vifaa na muulize, bila kumtazama mtu usoni, ni lini hita iliongezeka.

Mpangaji anapohama katikati ya mwezi, salio lisomwe siku hiyo na apewe fedha ya sehemu yake kwa uniti zilizobaki: kwa mfano, mwenye sehemu tatu kati ya 21 kwenye salio la uniti 70 ana uniti kumi, ambazo ni shilingi 3,560. Fedha hiyo itolewe na anayehamia chumba hicho, naye ataje vifaa vyake kabla hajashusha godoro kwenye gari.